Kiyoyozi cha gari la zamani: kubaki na R-12, kuhamia R-134a, au kutia gesi ya hidrokaboni?

Land Cruiser ya mwaka 1988 inaingia gereji mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, matundu ya dashibodi yanatoa upepo wa moto. Kabla boneti haijafunguliwa, jibu limeshatoka: "Gesi imeisha, bosi." Geji zinafungwa, gesi inasukumwa ndani, ubaridi unarudi na mwenye gari anaondoka akishukuru. Kufikia Machi yuko palepale.

Gesi ya kiyoyozi haiishi. Haiunguzwi kama dizeli; inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikichukua joto la ndani ya gari na kwenda kulitua mbele ya rejeta. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Kwenye gari la miaka thelathini na zaidi, mahali hapo panaweza kuwa oringi iliyokauka, mpira uliochakaa, sili ya shafti ya kompresa (pampu inayoisukuma gesi), au evapureta (sehemu inayopoza hewa ya kabini) iliyolika kwa unyevu chini ya dashibodi. Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana gesi ipi ni bora, huuliza kwanza kama mfumo wenyewe unafungika. Usipofungika, R-12 (gesi ya magari ya zamani), R-134a (iliyochukua nafasi yake) na hidrokaboni (mchanganyiko wa propani na isobutani) zote zitaishia hewani, na aliyenunua ya bei kubwa ndiye atakayeumia zaidi. Ukifungika, hapo ulinganisho una maana.

Kuhusu kuongeza gesi tu bila kutafuta tundu, sitaiweka kwenye ulinganisho. Inakubalika mara moja, ukiwa safarini, kama mfumo ni wa R-134a na umepoteza kidogo kwa miaka kadhaa. Zaidi ya hapo unalipia uvujaji kwa awamu.

Gari lako lilizaliwa na gesi gani

Viwanda vya magari viliiacha R-12 na kuingia R-134a mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa magari ya Kijapani mpaka uko takriban kati ya 1992 na 1994, kutegemea modeli. Mercedes W124 zilibadilishiwa gesi zikiwa bado zinatengenezwa, kwa hiyo ya 1988 na ya 1994 ni magari mawili tofauti tukizungumzia AC. Land Cruiser za mfululizo wa 60 zilikoma mwaka 1990. Hizo ni za R-12 zote. Corolla ya 1998 imetoka kiwandani na R-134a, na fundi anayekuambia inahitaji "kubadilishwa mfumo" anakutafutia gharama.

Usiamini mwaka peke yake. Fungua boneti utafute kibandiko kinachotaja gesi na uzito wake, kisha tazama pale geji zinapofungwa. R-12 ina nipeli nyembamba za kufunga kwa nyuzi, zinazofanana na za tairi. R-134a ina vichwa vinene vya kubana bila nyuzi: upande wa presha ya chini milimita 13, wa juu milimita 16. Ukikuta adapta za R-134a zimekaa juu ya nipeli za zamani, kuna mtu amepita hapo kabla yako na huwezi kuapa ndani kuna nini. Gari hilo litolewe gesi yote lianzwe upya. R-12 ikichanganyika na R-134a huzaa presha kubwa kuliko ya yoyote kati yao ikiwa peke yake, na geji haitakuonyesha chochote cha kueleweka.

Kubaki na R-12

Kiufundi, hakuna kinachoushinda mfumo wa R-12 uliotiwa R-12. Kondensa, ile ya mbele ya rejeta inayotoa joto nje, ilipimwa kwa ajili yake, mafuta ya madini yanasafiri nayo bila shida, na molekuli zake kubwa hazipenyi mipira kirahisi. Mwenye Mercedes ya miaka ya 1980 ambaye AC yake haijawahi kuvuja hana sababu ya kuigusa. Aiwashe dakika kumi kila wiki, hata msimu wa baridi, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa, na amkataze kila fundi kufunga geji "kuangalia tu". Kila mara geji zinapofungwa na kufunguliwa kuna gesi kidogo inayoondoka.

Mambo hubadilika gesi ikishatoka. Itifaki ya Montreal ya 1987 iliilenga R-12 na ndugu zake kwa sababu klorini iliyomo ndani yake inaharibu tabaka la ozoni. Nchi tajiri zilifunga uzalishaji kufikia 1996. Kwa nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, ukomo ulikuwa 1 Januari 2010. Mtungi wa R-12 utakaoletewa leo ni masalia ya zamani, au ni gesi iliyovunwa kwenye mafriji na magari mabovu, au imechakachuliwa. Huna namna ya kujua kwa macho.

Kuchakachua gesi si mzaha. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa gesi feki yenye kloridi ya methili ndani yake. Kemikali hiyo ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa, na kompresa nyingi za magari ni za aluminiamu. Gesi hiyo iliuzwa kwa jina la R-134a, gesi halali inayopatikana kila kona. Sasa fikiria soko la gesi iliyopigwa marufuku.

Wapo pia watakaokutilia R-22 ya viyoyozi vya majumbani na kukuapia ni ileile. Katika nyuzi 30 za joto, R-12 iliyotulia ina presha ya takriban psi 93. R-22 ina kama 158 kabla kompresa haijaanza hata kuzunguka. Mipira ya mwaka 1988 haikutengenezwa kwa mzigo huo. Kataa, hata kama ni bure.

Kuhamia R-134a

Hii ndiyo njia ya wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu gereji nyingi huichukulia kuwa ni kufunga adapta na kufungulia mtungi. Gari linapoa wiki ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa kompresa inaanza kulia, halafu inakamata.

Sababu kubwa ni mafuta. Mafuta ya madini yaliyokuwa yanaenda na R-12 hayayeyuki ndani ya R-134a. Yanatulia chini kwenye kondensa na evapureta, na kompresa inabaki ikisagika kavu. R-134a inataka mafuta ya sintetiki, ama ya PAG au ya esta. Magari yaliyotoka kiwandani na R-134a mengi yana PAG, lakini kwa gari linalohama PAG ina kasoro mbili: inanyonya unyevu kwa pupa, na PAG ya kawaida haipatani na mabaki ya klorini yaliyoachwa na R-12. Esta inayavumilia mabaki hayo, pamoja na mafuta ya zamani kidogo yaliyogoma kutoka. Mimi huchagua esta kwa kazi hii, isipokuwa mtengenezaji wa kompresa mpya ameandika vingine. Kompresa ishushwe, igeuzwe kichwa chini, izungushwe kwa mkono mpaka iache kutoa mafuta. Na kama chupa ya mafuta imekaa wazi kwenye meza ya gereji ya pwani tangu jana, idai nyingine. Hewa ya Mombasa imeshaingia humo.

Draya, chupa inayonyonya unyevu ndani ya mfumo, haina mjadala. Ya zamani ina chembe za kukausha zinazoitwa XH-5, ambazo huvunjika zikikutana na R-134a na mafuta yake, na unga wake unakwenda kuziba vali ya ekspansheni, ile inayoshusha presha ya gesi kabla ya evapureta. Mpya iwe na XH-7 au XH-9, na vizibo vyake visitolewe mpaka dakika ile inapofungwa. Nimeona draya mpya zikining'inizwa ukutani bila vizibo kama mapambo. Hizo zimeshakunywa unyevu wote zilioweza kunywa.

Oringi zote zinazofikika zibadilishwe kwa zile za HNBR, aina ya mpira inayoihimili gesi hii, ambazo mara nyingi ni za kijani. Molekuli za R-134a ni ndogo kuliko za R-12 na hupenya kwenye mpira wa kawaida. Kuhusu mipira mirefu kuna ubishi: mipira mipya ina tabaka la ndani la kuzuia gesi, ya zamani haina. Lakini mpira wa zamani uliolowa mafuta ya madini kwa miaka mingi hushikilia gesi vizuri kuliko unavyotarajia. Kama haujapasuka na haujalainika karibu na maungio, uache. Ukianza kuvuja, upeleke kwa wanaobana mipira ya haidroliki au ya AC wakutengenezee mwingine kwa kutumia vichwa vyako vya zamani.

Kisha kuna uzito. R-134a huwekwa asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R-12. Kibandiko kikisema gramu 900, gari linataka gramu 720 hadi 765. Gesi nyingi haileti baridi nyingi. Inaijaza kondensa kimiminika, presha inapanda na hewa inatoka vuguvugu. Gereji isiyo na mizani itakuambia inatazama geji au inagusa bomba kwa mkono. Kwa fundi mzoefu sana na gari analolijua, labda. Kwa gari lililobadilishwa gesi, hapana.

Mwisho, swichi. Magari mengi ya R-12 yalikuwa na kizibo cha kuyeyuka kwenye draya au vali ya kutolea presha, basi. Ukihama, weka swichi ya kukata kompresa presha ya juu ikizidi. Ni kifaa kidogo na waya mbili, na ndicho kitakachokuokolea kompresa siku feni itakapogoma.

Kuhama nusu au kuhama kamili

Hapa ndipo pesa inapoamuliwa. Kuhama nusu ni hayo niliyoyataja: draya, mafuta, oringi, adapta, swichi, vakyumu (kunyonya hewa na unyevu kwa pampu), gesi kwa mizani. Kondensa na evapureta zinabaki zilezile. Kuhama kamili kunaongeza kondensa mpya ya kisasa, vali ya ekspansheni, mipira mipya na mara nyingi kompresa. Gharama inaweza kuwa mara tatu au nne ya ile ya nusu, na bei za spea zenyewe hubadilika kila meli inapotia nanga, kwa hiyo sitaandika shilingi hapa.

Jibu linategemea unaishi wapi kuliko linavyotegemea gari. Nairobi, Arusha au Iringa, kuhama nusu kunatosha na utashangaa kwa nini watu wanalalamika. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ni habari nyingine. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kiyoyozi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kugeuza mvuke kuwa maji yale yanayodondoka chini ya gari, kabla hewa yenyewe haijapoa. Joto lote hilo lazima litolewe na kondensa.

Na kondensa ndipo R-134a inapoachwa nyuma. Katika nyuzi 30 presha zake na za R-12 zimekaribiana: 97 kwa 93. Katika nyuzi 65, joto ambalo kondensa iliyozidiwa inaweza kufika gari likiwa kwenye foleni, R-134a iko karibu psi 263 na R-12 karibu 234. Kadiri kondensa inavyoshindwa kupoa, ndivyo pengo linavyopanuka. Ndiyo maana gari lililohama nusu linapoa vizuri kabisa barabara ya Bagamoyo ukiwa kilomita 80 kwa saa, halafu linageuka tanuri ukisubiri kivuko cha Kigamboni au Likoni.

Kondensa za zamani ni bomba moja linalojikunja kwenda na kurudi. Za kisasa zina mirija bapa mingi inayopitisha gesi sambamba, na kwa ukubwa uleule zinatoa joto zaidi. Zinapatikana kwa vipimo, si lazima iwe ya modeli yako. Fundi mzuri wa kuchomelea aluminiamu au wa mipira atakulinganishia maungio. Ongeza feni ya umeme mbele yake inayowaka AC ikiwaka. Ningekuwa na fungu moja tu la kutumia kwenye gari la pwani, lingekwenda kwenye kondensa na feni, na kompresa ya zamani inayofanya kazi ningeiacha ilipo. Mafundi wengi hufanya kinyume. Udhaifu wa kondensa hizi ni mmoja: mirija yake ni myembamba mno kusafishika. Kompresa ikisambaratika na kumwaga chembe za chuma, kondensa hiyo ni ya kutupa.

Wengine huniuliza kama R-134a nayo itapigwa marufuku. Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa mjini humo Oktoba 2016, yanazipunguza gesi za kundi lake kwa sababu ya joto la dunia. Kwa nchi zetu matumizi yalifungiwa kiwango kuanzia 2024, yanatakiwa yashuke kwa asilimia 10 kufikia 2029 na asilimia 80 kufikia 2045. Itapanda bei, lakini magari yanayoitumia ni mengi mno isiweze kupotea madukani karibuni. R-1234yf, inayotumika kwenye magari mapya ya Ulaya, usiifikirie kwa gari la zamani: ni ghali na huongezi ubaridi.

Gesi ya hidrokaboni

Mchanganyiko wa propani na isobutani unaouzwa kama mbadala wa R-12 unapoza vizuri sana. Presha zake ziko karibu na za R-12, unapatana na mafuta yaleyale ya madini, hauhitaji mipira mipya, na unatumia kama theluthi moja ya uzito. Hauli ozoni na mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno. Australia umetumika kwenye magari mengi kwa miaka. Marekani ni marufuku kuuweka badala ya R-12 kwenye gari. Sababu ni moto, na hesabu yake si ngumu.

Propani huanza kuweza kuwaka ikifika takriban gramu 38 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kabini ya saluni ni kama mita 3 za ujazo. Gramu 115 zikisambaa humo zinatosha. Gari lililokuwa linabeba gramu 900 za R-12 litatiwa gramu 300 na ushei za hidrokaboni, na evapureta, sehemu inayopenda kutoboka kwenye magari ya pwani, iko ndani ya kabini. Friji ya nyumbani ya R-600a (isobutani) hubeba gesi kidogo kuliko hiyo, na haifungwi madirisha usiku kucha kisha mtu akaingia asubuhi na sigara.

Siwezi kusema kila anayeitumia ni mwendawazimu. Ukiwa na evapureta mpya iliyopimwa kwa naitrojeni, kibandiko kikubwa chini ya boneti kinachomtahadharisha fundi ajaye, na hakuna anayevuta sigara ndani, hatari inapungua sana. Lakini watu wanaovutwa na gesi hii ni wale wasiotaka kufungua dashibodi, yaani wale wenye evapureta ya miaka thelathini na tano. Na mtungi wa gesi ya kupikia usiuguse kabisa kwa kazi hii. Umetiwa dawa ya harufu, uwiano wa propani na butani ndani yake haujulikani, na unyevu wake utaganda kwenye ekspansheni.

| | R-12 | R-134a | Hidrokaboni |
|---|---|---|---|
| Upatikanaji | Masalia na feki | Kila mji | Hapa na pale |
| Mafuta | Ya madini | Esta au PAG | Ya madini hufaa |
| Uzito ukilinganisha na R-12 | 100% | 80–85% | Kama theluthi moja |
| Draya mpya | Mfumo ukifunguliwa | Lazima | Mfumo ukifunguliwa |
| Kwenye foleni, kondensa ya zamani | Nzuri | Inachoka | Nzuri |
| Hatari kubwa | Gesi feki, ozoni | Kompresa kukauka ikihamishwa kienyeji | Moto |

Kompresa: kutengeneza, ya mtumba au mpya

"Kompresa imekufa" ni kauli nyingine ya kuulizwa maswali. Mara nyingi kilichokufa ni klachi, inayoiunganisha kompresa na puli yake. Kwenye Toyota nyingi nafasi kati ya sahani ya klachi na puli inatakiwa iwe milimita 0.35 hadi 0.65. Ikipanuka kwa kulika, koili (sumaku ya umeme ya klachi) inashindwa kuivuta sahani hiyo injini ikipata moto, AC inakata mchana na kurudi jioni, na mwenye gari anauziwa kompresa. Kutoa shimu (kipande cha kujazia nafasi) moja nyembamba kunaweza kumaliza tatizo. Koili yenyewe hupimwa kwa mita: ohm 3 hadi 4 ni nzima. Kelele inayosikika AC ikiwa imezimwa ni beringi ya puli, na kwenye magari mengi hubadilishwa bila kutoa gesi.

Ikiwa kweli imekufa, ya mtumba kutoka Japani au Sharjah si chaguo baya, hasa zile za Nippondenso (leo Denso) za familia ya 10PA, ambazo zilitumika kwenye enzi zote mbili za gesi. Ukihamia R-134a, tafuta iliyotoka kwenye gari la R-134a ili sili zake ziwe za gesi hiyo. Izungushe kwa mkono: iende laini, bila kukwama. Ziba matundu kwa vidole uone kama inasukuma. Mwaga mafuta yake kwenye karatasi nyeupe. Yakiwa meusi au yanametameta, mrudishie mwenye duka hata kama anapunguza bei. Kompresa mpya isiyo na jina huwa inanitia shaka kuliko ya mtumba yenye jina, ingawa wauzaji wa Kariakoo na Kirinyaga Road watakuambia wote zimetoka kiwanda kimoja.

Magari ya Ulaya na Marekani ya miaka ya 1970 yana kompresa ya York, ile ya mraba yenye pistoni mbili inayotikisa injini nzima. Hiyo siilinganishi na chochote: tengeneza bano, funga Sanden ya aina ya 508, usahau.

Kabla ya kulipia gesi yoyote

Kuna AC zinazohukumiwa bure. Land Cruiser na pikapu nyingi za zamani zina vali ya maji ya hita inayochakaa na kupitisha maji ya moto hata ukiwa umefunga. Hewa inapozwa na evapureta, kisha inapashwa tena na hita kabla ya kukufikia. Bana mpira wa hita kwa koleo la kubania mipira, endesha dakika kumi. Ubaridi ukirudi, gesi yako haikuwa na kosa.

Magari haya pia hayana chujio la hewa ya kabini. Evapureta ya gari lililozunguka Dodoma na Singida miaka ishirini inaweza kuwa imevaa koti la vumbi na nywele, na upepo hauipenyi. Mbele, mapezi ya kondensa yaliyolala kwa kokoto na matope yanyanyuliwe kwa kitana. Klachi ya feni ya injini nayo ikichoka, utaiona kwenye AC kabla hujaiona kwenye geji ya joto.

Ningeamua hivi

Mfumo wa R-12 usiovuja, uache. Umevuja kwenye oringi au mpira na kompresa ni nzima: hamia R-134a kwa nusu kama unaishi bara, na kwa pwani ongeza kondensa na feni kutoka fungu lilelile, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja. Evapureta imetoboka: ni siku mbili za kushusha dashibodi, na ukishaishusha usirudishe ekspansheni ya zamani. Kompresa imesambaratika na kumwaga vyuma: kuhama kamili, au uuze gari na ukweli wake, kwa sababu hakuna nusu hapo, chembe zilizobaki zitaimaliza kompresa mpya. Hidrokaboni ningemwachia mwenye gari la maonyesho anayelitengeneza mwenyewe na kuijua kila oringi aliyoifunga.

Fundi mchague kwa vifaa: pampu ya vakyumu, mizani, mtungi wa naitrojeni. Asiye na naitrojeni atatafuta tundu kwa gesi yako. Vakyumu ivutwe dakika 30 hadi 45, kisha pampu izimwe na sindano itazamwe nusu saa. Ikirudi, tundu bado lipo au kuna unyevu. Usawa wa bahari sindano hufika karibu na inchi 29 za zebaki. Nairobi haifiki zaidi ya kama 24, kwa sababu ya mwinuko, na fundi anayeihangaikia pampu yake hapo anaisumbua bure. Aliyekuahidi 29 Nairobi, geji yake ni mbovu.

Siku ya kuchukua gari, nenda saa nane mchana, si jioni. Madirisha yafungwe, hewa iwe ya kuzunguka ndani, injini kwenye mizunguko 1,500. Katika joto la nje la nyuzi 32, mfumo wa R-134a unatakiwa kusoma psi 30 hadi 50 upande wa chini na 200 hadi 250 upande wa juu. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kikisoma nyuzi 8 hadi 12 gari likitembea, kazi imefanyika. Likisimama kwenye foleni kikapanda hadi 15, ni kawaida kwa kondensa ya zamani. Kabla ya kulipa, hakikisha fundi amebandika chini ya boneti karatasi yenye aina ya gesi, aina ya mafuta, gramu na tarehe, na ameitoa ile ya R-12.